Somo la Ufundi: Redio-Kaseti Ikikataa, Okoa Kanda Kwanza



Katika somo hili tutajifunza namna ya kutambua na kuondoa matatizo ya kawaida ya redio-kaseti. Somo ni la kila mtu, si la mafundi peke yao. Utahitaji pamba, kijiti, kitambaa safi, spiriti kidogo, kalamu ya wino na bisibisi ndogo. Kubwa kuliko vyote utahitaji subira.

Kwa nini tujifunze jambo hili wakati watu wengi sasa wanasikiliza muziki kwenye simu? Ni kwa sababu ya kanda zenyewe. Familia zilizotoka Burundi mwaka 1993, na zile zilizotoka Kivu mwaka 1996 na 1998, ziliondoka na vitu vichache. Katika vitu hivyo kanda zilikuwamo: kwaya ya parokia, harusi ya dada, barua ya sauti kutoka kwa mjomba aliyekuwa mbali, hadithi za bibi. Baadhi ya wenye sauti hizo wamekwisha kufariki. Redio ikiharibika unaweza kupata nyingine. Sauti ya marehemu baba ikikatika, hakuna duka linaloiuza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: okoa kanda kwanza, chombo baadaye. Kamwe usijaribie chombo kibovu kwa kanda ya thamani. Tafuta kanda moja usiyoijali, uiandike JARIBIO, na uitumie hiyo mpaka uhakikishe chombo kimepona.

1. Chombo kinafanyaje kazi?

Kaseti tunayoijua ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa plastiki wenye upana wa milimita 3.81, uliopakwa unga wa sumaku. Sauti imehifadhiwa katika unga huo. Utepe hupita mbele ya kichwa kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kanda ya dakika 60 hucheza dakika 30 kila upande, na utepe wake una urefu wa mita 86 hivi. Kanda ya dakika 90 ina utepe mrefu zaidi na mwembamba zaidi. Ile ya dakika 120 ni nyembamba mno, nayo hunasa na kukatika upesi.

Fungua mlango wa kaseti utazame ndani. Utaona sehemu hizi:

(a) Kichwa: kipande cha chuma kinachong'aa. Ndicho kinachosoma na kuandika sauti. Kando yake kuna kichwa kingine kidogo cha kufutia.

(b) Mhimili: kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka.

(c) Rola: gurudumu dogo la mpira mweusi. Hubana utepe kwenye mhimili. Hivi viwili ndivyo vinavyovuta utepe kwa mwendo ulio sawa.

(d) Vigurudumu viwili vya meno: hivi huingia katika matundu ya kaseti. Wakati wa kupiga kanda, kimoja hukusanya utepe uliokwisha kupita.

Nyuma, mahali usipopaona, kuna mota na belti za mpira zinazopeleka nguvu ya mota kwenye mhimili na vigurudumu.

Ukielewa hapo, umeelewa ugonjwa mkubwa kuliko yote. Mhimili na rola hutoa utepe. Kigurudumu kinachokusanya huupokea. Kigurudumu hicho kikilegea au kikisimama, utepe unaendelea kutolewa bila wa kuupokea. Utajikunja, utajizungusha kwenye rola, na ndipo tunasema "redio imekula kanda".

2. Anza na umeme

Watu wengi hufungua chombo kabla ya kutazama betri. Huko ni kuanza safari kwa mguu mbaya.

Betri moja kubwa ya kawaida ina volti 1.5. Chombo cha betri 4 hutumia volti 6, cha betri 6 hutumia volti 9, na cha betri 8 hutumia volti 12. Betri zikichoka, redio inaweza kuendelea kusema vizuri huku kanda ikienda polepole, kwa maana mota inakula umeme mwingi kuliko redio. Basi usiseme, "Betri ni nzima, mbona nasikia habari?" Jaribu kwanza betri mpya.

- Usichanganye betri mpya na kuukuu.
- Usitie betri motoni ili kuziamsha. Zinaweza kupasuka na kuumiza macho.
- Betri ikivuja, itoe mara moja. Futa uchafu kwa kitambaa, kwangua kutu kwenye vibati kwa msasa, kisha nawa mikono. Usiwaachie watoto kazi hiyo.
- Ukiweka chombo muda mrefu bila kukitumia, toa betri zote.

Betri ya gari au ya sola ina volti 12. Usiiunganishe moja kwa moja na chombo cha volti 6 au 9, kwa kuwa utakiunguza. Hata chombo cha volti 12 huungua ukikosea upande wa chanya na hasi.

Ukitumia umeme wa jenereta au wa nguzo, tazama nyuma ya chombo. Vyombo vingine vina swichi ya kuchagua volti 110 au 220. Katika nchi zetu swichi lazima iwe kwenye 220 au 240. Na kabla ya kufungua skrubu yoyote, chomoa waya ukutani. Kuzima kwa kitufe peke yake hakutoshi.

3. Uchafu ndio adui wa kwanza

Hapa kambini tuna vumbi jekundu la kiangazi na moshi wa jikoni. Pia utepe wenyewe humwaga unga kidogo kila unapopita. Vyote hivyo hujikusanya kwenye kichwa, mhimili na rola. Chombo kinachosikika kama mtu anayesema ndani ya blanketi mara nyingi hakikuharibika. Ni kichafu tu.

Safisha hivi:

(1) Zima chombo, chomoa waya au toa betri. Fungua mlango wa kaseti.

(2) Zungushia pamba kidogo kwenye kijiti, uichovye katika spiriti, kisha ikamue isidondoke. Chagua spiriti safi isiyo na mafuta. Ukipaka tone kwenye kioo likakauka na kuacha utando, hiyo haifai.

(3) Futa kichwa taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Badilisha pamba inapochafuka.

(4) Futa mhimili huku ukiuzungusha.

(5) Rola ni ya mpira, na spiriti nyingi huukausha mpira. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kwa maji matupu, ukiizungusha kwa kidole mpaka uione imekuwa nyeusi isiyong'aa.

(6) Ngoja dakika 10 vikauke kabla ya kuweka kanda.

Usitumie petroli, mafuta ya taa wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Vitu hivyo huharibu plastiki na mpira. Usikwangue kichwa kwa kisu, wembe au sindano. Usitie mafuta kwenye rola wala belti, kwani zitateleza.

Anayepiga kanda kila siku yafaa asafishe mara moja kwa wiki.

4. Fundi huuliza kabla ya kufungua

Tuchukue mfano. Mama mmoja analeta redio-kaseti kwa kijana fundi.

— Hodi, mwanangu. Redio hii imeharibika. Sauti inavuta kama mlevi.

— Karibu, mama. Inavuta kwa kanda zote au kwa moja?

— Hiyo ya kwaya ndiyo ninayoipiga siku zote.

— Basi tujaribu hii yangu. Unasikia? Inaenda sawa. Chombo chako ni kizima, mama. Kanda yako ndiyo imejikaza.

Fundi huyu hakugusa hata skrubu moja. Alibadilisha kitu kimoja, akasikiliza. Fanya hivyo nawe. Kanda zote zikiwa na tatizo lilelile, kosa liko kwenye chombo. Ikiwa ni kanda moja tu, kosa liko kwenye kanda. Tatizo likiwapo kwa betri na likakosekana kwa umeme wa ukutani, kosa liko kwenye betri au vibati vyake. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kipi kilikuwa dawa.

5. Dalili na dawa zake

*Chombo kinakula kanda.* Bonyeza kitufe cha kusimamisha mara moja. Usivute kaseti kwa nguvu. Zima umeme, fungua mlango, uzungushe rola kwa kidole huku ukiutoa utepe kidogo kidogo. Ukishatoka, ingiza kalamu ya wino yenye pembe sita katika tundu la kaseti, uurudishe ndani taratibu, ukiangalia usijipinde. Kisha safisha rola na mhimili. Mwisho, bonyeza kitufe cha kupiga bila kuweka kaseti, ukiguse kwa wepesi kigurudumu kinachokusanya utepe. Kikisimama kwa mguso mdogo tu, belti imelegea au inateleza. Usiweke kanda nyingine mpaka kitengenezwe. Vyombo vingine havizunguki vikiwa vitupu. Hapo tazama kwa kutumia kanda ya JARIBIO.

*Sauti ni nzito na polepole.* Fuata utaratibu: betri, kisha kanda nyingine, kisha usafi, kisha belti. Kupima mwendo ni rahisi. Piga upande mzima wa kanda ya dakika 60 ukitazama saa. Unapaswa kwisha kwa dakika 30 au zaidi kidogo. Ukifika dakika 35, chombo kinavuta.

*Sauti inayumba.* Mara nyingi belti imetanuka au rola imechakaa. Belti mpya iwe na unene uleule wa ya zamani, na mzunguko wake uwe mdogo kidogo, maana ya zamani imekwisha kutanuka. Wako wanaokata mpira wa ndani wa baiskeli. Ukikosa kabisa utafanya chombo kizunguke, lakini unene wake hauko sawa na sauti itaendelea kuyumba. Ukikuta belti imeyeyuka kama lami, futa lami yote kwa spiriti kabla ya kuvisha mpya.

*Sauti ni hafifu hata baada ya kusafisha.* Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo inayorekebisha ulalo wake. Wengi huizungusha kwa kubahatisha. Acha! Ulalo ukikosewa, kanda zilizorekodiwa kwingine zitasikika hafifu kwako, na utakazorekodi wewe zitasikika vibaya kwa wenzako. Mwachie fundi anayeijua.

*Unasikia sauti ya zamani nyuma ya mpya.* Kichwa cha kufutia ni kichafu. Kisafishe kama kile kikubwa.

*Kitufe cha kurekodi hakishuki.* Usikilazimishe. Tazama mgongo wa kaseti. Ukishika upande A ukikuelekea, na sehemu unapoonekana utepe ikiwa chini, kijimeno cha juu kushoto ndicho mlinzi wa upande A. Kikiwa kimevunjwa, chombo hukataa kurekodi. Hiyo ni kinga. Mtu alikivunja kwa makusudi ili sauti isifutwe. Uliza kabla ya kuziba tundu hilo kwa selotepu.

*Kanda inalia kama panya au inakwama.* Utepe umejikaza. Igonge kaseti polepole kwa ubapa kwenye kiganja, kisha uizungushe kwa kalamu mpaka mwisho na kuirudisha mpaka mwanzo.

*Kitufe cha sauti kinakwaruza.* Zima chombo, ukizungushe huku na huku mara 20. Vumbi la ndani litasogea.

6. Utepe uliokatika

Utepe uliokatika huungwa. Ikiwa kaseti ina skrubu, ifungue ikiwa imelala mezani, na utazame vizuri kila kitu kilivyokaa kabla ya kukigusa. Weka ncha mbili pamoja, uzikate mshazari kwa wembe mkali ili zilingane. Ziguse bila kupandana. Bandika utepe wa gundi upande wa nyuma, yaani upande usiogusa kichwa. Kata gundi iliyozidi pembeni.

Selotepu ya kawaida ni ya dharura tu. Gundi yake hutoka na kunata kwenye nyuzi nyingine za utepe. Ukiitumia, piga kanda mara moja kwa ajili ya kuinakili, kisha uiweke.

Hata ukipoteza sentimita 5 za utepe, umepoteza sekunde moja tu ya sauti. Usitupe kanda kwa sababu imekatika.

7. Kutunza na kunakili

- Vunja vijimeno vyote viwili vya kanda unayoipenda. Fanya hivyo leo.
- Iweke ndani ya jalada lake, mbali na jua, bati la moto, maji na panya. Usiiweke juu ya spika, kwa sababu ndani ya spika kuna sumaku.
- Ukiona ukungu mweupe juu ya utepe, usiipige. Ukungu huo utachafua chombo na kanda nyingine.
- Zungusha kila kanda mwanzo hadi mwisho mara moja kwa mwaka.

Chombo kikishapona na kanda ya JARIBIO ikapita salama, usingoje. Nakili kanda ya thamani siku hiyohiyo. Vyombo vingi tulivyo navyo ni vya zamani na vipuri vyake ni adimu. Kupona kwa leo si ahadi ya kesho.

Njia nyepesi ni kuweka simu yenye kurekodi mbele ya spika, usiku wakati pametulia, sauti ikiwa ya wastani. Mwenye waya unaofaa anaweza kuunganisha tundu la visikilizio na kifaa cha kurekodi. Aanze na sauti ya chini kabisa, maana umeme wa tundu hilo una nguvu. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uendelee. Mwanzoni mwa nakala sema kwa mdomo: ni nani anayesema, ni mwaka gani, na kanda ni ya nani. Kisha weka nakala mbili kwa watu wawili wanaokaa nyumba tofauti.

Neno kwa mafundi na vijana wenye simu. Kanda ya barua ni sawa na barua iliyofungwa. Inaweza kutaja majina ya watu, njia waliyopita au mahali walipo ndugu waliobaki. Usiisikilize zaidi ya inavyohitajika, usiinakili kwako, na usiipeleke kwa wengine bila ruhusa ya mwenyewe. Maneno ya furaha ya familia moja yakisikika kwa mtu asiyestahili, yanaweza kumtia mwingine hatarini.

8. Wakati wa kuacha

Peleka kwa fundi ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, waya uliochunika au fyuzi inayokatika tena na tena. Usizibe fyuzi kwa waya wa kawaida. Na ukimpelekea fundi chombo, toa kanda yako kwanza, ubaki nayo nyumbani.

Maswali ya kujadiliana

1. Redio inasema vizuri lakini kanda inaenda polepole. Utatazama nini kwanza, na kwa nini?

2. Kwa nini kigurudumu kinachokusanya utepe kikisimama chombo hula kanda?

3. Jirani anataka kujaribu chombo chake kwa kanda ya pekee ya marehemu mama yake. Utamshauri nini?

4. Katika nyumba yenu kuna kanda gani ambayo haina nakala? Nani atainakili, na lini?

Tafadhali msomee somo hili jirani asiyejua kusoma, kisha umpe mwingine karatasi hii.